Kuzuru Ua na Kuchavusha: Historia ya Istilahi Mbili na Haja Yake Msasani

Mtu akisimama chini ya mwembe uliochanua, akamwona nzi ametua juu ya ua, aweza kusema mambo mawili. Aweza kusema kwamba nzi amelizuru ua. Tena aweza kusema kwamba nzi amelichavusha. Kauli ya kwanza ni ushahidi wa macho. Kauli ya pili ni hukumu, na hukumu yahitaji ushahidi zaidi ya ule wa kumwona mdudu akitua na kuruka. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi tofauti hiyo ilivyopatikana katika historia ya elimu ya mimea, hasa katika Afrika Mashariki, na kwa nini lugha yetu haina budi kuishika sasa.

Haja yenyewe si ya vitabuni tu. Katika nchi nyingi leo wananchi wa kawaida, wasio wataalamu, hushiriki katika kuhesabu wadudu na ndege waendao kwenye maua. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2017, upo mpango ambao mtu hukaa dakika 10 mbele ya eneo la maua lenye upana wa sentimita 50 kwa 50, akaandika kila mdudu aliyetua. Kazi hiyo haihitaji hadubini wala shahada. Yahitaji macho, saa, karatasi, na majina. Mahali kama Msasani, katika Kinondoni, ambako mibuyu mikubwa ingali imesimama kati ya nyumba na barabara, na ambako kila ua wa nyumba una mwembe, mpapai au mche wa maboga, kazi hiyo yaweza kufanywa na mwanafunzi, na mvuvi aliyepumzika, na mama auzaye mboga. Swali ni hili: watu hao wataandika maneno gani?

Maana ya uchavushaji

Kwanza tufafanue. Chavua ni ule unga, mara nyingi wa manjano, utokao katika sehemu ya kiume ya ua. Kuchavusha ni kuufikisha unga huo kwenye stigma, yaani ncha ya sehemu ya kike ya ua. Tendo hilo ndilo uchavushaji. Baada ya hapo, chembe ya chavua ikimea na mbegu yake ya kiume ikaungana na yai ndani ya ua, tendo hilo la pili huitwa utungisho. Mara nyingi katika mazungumzo, na hata katika maandishi, mambo haya mawili huchanganywa kwa kutumia kitenzi kimoja, kurutubisha. Kitenzi hicho kina mzigo wa kutosha, kwa kuwa twakitumia pia kwa mbolea na udongo. Mkulima akiambiwa kwamba nyuki hurutubisha shamba, ana haki ya kudhani kwamba nyuki huleta samadi.

Hivyo tunazo hatua tatu, si moja: mdudu kulizuru ua, mdudu kulichavusha ua, na ua kutungishwa. Hatua ya kwanza yaweza kutokea bila ya pili, na ya pili bila ya tatu. Lugha inayozitaja hatua hizi zote kwa neno moja humnyima msemaji wake uwezo wa kuuliza hatua ipi imekosekana pale mti uchanuapo vizuri usizae.

Watazamaji wa kwanza

Inafaa kukumbuka kwamba elimu hii haikuanzishwa na wakuu wa vyuo peke yao. Mwaka 1793 Christian Konrad Sprengel, aliyekuwa mkuu wa shule huko Spandau, karibu na Berlin, alitoa kitabu juu ya umbo la maua na wadudu waendao huko. Alikuwa amekaa mbele ya mamia ya aina za maua, akiangalia nani aja na nani aondoka, na akaona kwamba rangi, harufu na mbochi, yaani maji matamu ya ua, vina kazi ya kuwaita wadudu. Wasomi wengi wa wakati wake hawakumjali. Alikuja kupewa heshima yake baadaye, hasa baada ya Charles Darwin kuitumia kazi yake katika karne ya 19.

Mfano wa pili uko karibu na pwani yetu zaidi. Mvanila ulipopelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi kutoka Marekani ya Kati, ulichanua bila kuzaa, kwa sababu wadudu wa kwao hawakuletwa pamoja nao. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Bourbon, kiitwacho sasa Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond, aligundua namna nyepesi ya kulichavusha ua hilo kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake ikaenea katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na hata leo wakulima wa vanila wa Kagera na wa Zanzibar huchavusha kwa mkono kwa njia iyo hiyo. Utumwa ulipofutwa kisiwani humo mwaka 1848, Edmond alipata uhuru na jina la pili, Albius. Alifariki mwaka 1880 akiwa maskini, ingawa alichokiona kilikuwa kimewatajirisha wengine.

Mtu asiye na cheo, basi, aweza kuona lile ambalo wenye vyeo hawakuliona, mradi aangalie kwa makini na yale aliyoyaona yahifadhiwe.

Mambo yaliyoonekana Afrika Mashariki

Katika nchi zetu, uchunguzi ulioandikwa ulianza mapema. Georg Volkens, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, alikaa Kilimanjaro katika miaka ya mwanzo ya 1890. Mwaka 1899 alichapa maelezo juu ya mimea iotayo juu ya matawi ya miti mingine, na jinsi ndege waitwao chozi wanavyoyafungua maua yake. Ua la aina hiyo hukaa limefumba likiwa limekazika kama mtego. Chozi akiingiza mdomo, ua hufyatuka na kummwagia chavua kichwani. Ndege huyo huenda ua jingine na unga ule. Hapa mzuru na mchavushaji ni mmoja.

Lakini si chozi kila mara. Ndege huyo huyo, akikuta ua refu kuliko mdomo wake, huweza kulitoboa ubavuni na kunywa mbochi bila kugusa chavua wala stigma. Hapo amezuru, amekunywa, na hakuchavusha. Wapo wadudu pia wafanyao hivyo, na sisimizi wengi hupanda mpaka kwenye mbochi bila kulifaa ua kwa lolote.

Ushahidi ulio mkali zaidi umetoka kwenye mkuyu. Tunda la mkuyu, yaani kuyu, kwa kweli ni kifuko chenye maua mengi madogo yaliyofichwa ndani, na nyigu wadogo sana huingia humo kupitia tundu jembamba. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Galil na Eisikowitch, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya mkuyu wa Afrika Mashariki. Ilidhihirika kwamba ndani ya kuyu moja huweza kuingia nyigu wa aina zaidi ya moja. Mmoja hubeba chavua katika vifuko vya mwili wake na huichavusha miche ya maua kwa namna iliyo kama ya makusudi. Wa pili, aliye wa ukoo huo huo na aliyefanana naye sana, huingia mlango ule ule, hutaga mayai yake, asichavushe kitu. Mtazamaji wa nje angewahesabu wote wawili kuwa wachavushaji. Katika Misri na Palestina, ambako mkuyu hukua bila nyigu wake mchavushaji, matunda hupatikana, lakini mbegu hakuna.

Kuna na habari ya mbuyu, ambayo yawahusu watu wa Msasani zaidi. Ua la mbuyu ni kubwa, jeupe, huning'inia kwa kikonyo kirefu, hufunguka jua linapozama na huanguka kesho yake. Lina mamia ya stameni, nalo hutoa harufu nzito isiyompendeza kila mtu. Kwa kuwa kazi yake yote ni ya usiku, na kwa kuwa usiku watu wengi huuogopa mbuyu kwa sababu za mapokeo, wazuru wake hawakuandikwa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930, huko Java, ambako mbuyu ulipandwa na wageni, popo walionekana wakiyaendea maua yake. Mwaka 1959 Harris na Baker walithibitisha jambo hilo huko Ghana. Mwaka 1965, katika jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki, Coe na Isaac waliandika kwamba komba pia huyaendea maua ya mbuyu na kuondoka na chavua katika manyoya yao.

Je, ni nani basi mchavushaji wa mbuyu? Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba jibu si moja kwa Afrika nzima. Magharibi, popo ndio wahusika wakuu. Kusini, nondo wakubwa warukao usiku wameonekana kuifanya kazi hiyo mahali ambapo popo hawaonekani mauani. Pwani yetu iko kati ya pande hizo mbili. Popo walao matunda wapo Dar es Salaam, komba wapo, na nondo wapo. Mbuyu wa Msasani wachanua katika majira ya vuli, na orodha ya wazuru wake, ikiandikwa kwa uangalifu usiku baada ya usiku, ingekuwa na thamani kwa wataalamu wa bara zima. Ingekuwa hivyo kwa sharti moja: walioiandika wawe wametenganisha waliyoyaona na waliyoyadhania.

Safari ya maneno

Tugeukie lugha. Tangu zamani wasemaji wa Kiswahili walikuwa na maneno ya vitu walivyovishughulikia. Warina asali walikuwa na nyuki, mzinga, nta na sega. Wakulima walikuwa na mbelewele, neno litajwalo kwa maua ya juu ya mahindi yatoayo unga kabla ya hindi kushika punje. Kila mwenye shamba alijua mpapai dume na mpapai jike, na alijua kwamba wa kwanza hauzai. Hapo palikuwa na nusu ya elimu yenyewe: kwamba miti ina dume na jike. Nusu ya pili, yaani nani auchukuaye unga kutoka huku hadi kule, ilikuwa gizani, na kwa mpapai ilikuwa gizani hasa. Katika bonde la Kerio, nchini Kenya, Dino Martins na mwenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba mipapai huchavushwa na nondo warukao upesi magharibi inapoingia, na kwamba mashamba yaliyo mbali na vichaka vya asili huwakosa nondo hao.

Wakati Kiswahili kilipokuwa kikisanifishwa, baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, elimu ya mimea ilipata bahati ya kuwa na mkusanyaji hodari. P. J. Greenway, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili pamoja na majina yake ya kitaalamu, na ikatoka tena mwaka 1940. Mwaka 1995 Heine na Legère waliongeza juu ya msingi huo kitabu kikubwa zaidi. Kazi hizo zilihusu mimea. Wadudu waizurao hazikuwahusu. Matokeo yake ni kwamba mtu wa pwani aweza kuutofautisha mchu na mlilana kwa majina sanifu, lakini wadudu ishirini walio juu ya maua yake atawaita nyuki, nzi, nyigu, na wengine wote "wadudu".

Baada ya mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi Tanzania Bara, haja ya istilahi za sayansi ikawa kubwa, na Baraza, lililoundwa kwa sheria mwaka huo huo, pamoja na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yakajitwika mzigo huo. Mwaka 1990 Taasisi ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Familia ya neno chavua ni mfano mzuri wa kazi ya kipindi hicho. Lingeweza kukopwa neno la kigeni likatamkwa kwetu poleni. Lakini poleni lina kazi yake tayari, na mwalimu ambaye angeingia darasani na kuwaambia wanafunzi "poleni" angetarajia kuitikiwa, si kuulizwa juu ya maua. Chavua lina faida nyingine: lazaa bila taabu. Chavua, chavusha, chavushwa, uchavushaji, mchavushaji; kila hatua ya maana imepata neno kwa njia za sarufi zetu wenyewe.

Hata hivyo istilahi hiyo imebaki mateka wa darasa. Mtoto huikuta katika masomo ya shule ya msingi, kisha akiingia sekondari huiacha mlangoni, kwa sababu huko sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hivyo neno uchavushaji lajulikana na watoto, na husahauliwa na watu wazima ambao ndio wenye mashamba.

Hasara ya jambo hilo si ya nadharia. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wakulima wadogo wa kaskazini mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba nyuki wa asali walifahamika zaidi kuliko wachavushaji wengine. Mwaka uliofuata, matokeo mengine kutoka eneo hilo yalionyesha kwamba maharage yaliyozuiliwa yasifikiwe na wadudu yalizaa kidogo kuliko yale yaliyoachwa wazi. Mkulima asiyekuwa na jina la mdudu amfaaye ana jina moja tu la kumpa: mharibifu. Na mharibifu hupigwa dawa.

Mapendekezo

Kwa kuwa mambo ni hayo, yatolewa hapa mapendekezo manne, ili wasomaji wayapime.

Kwanza, neno mzuru maua, wingi wazuru maua, litumike kwa kila kiumbe aonekanaye juu ya ua, bila kuhukumu kazi aliyoifanya. Kuzuru ni kitenzi chetu cha siku nyingi. Twazuru wagonjwa, twazuru makaburi, nalo halimdai mzuru zaidi ya kufika. Neno mchavushaji lihifadhiwe kwa yule ambaye ushahidi wake umepatikana: ameonekana na chavua mwilini, ameigusa stigma, na ua lililofunikwa asilifikie halikuzaa kama lile aliloliendea.

Pili, tutenganishe mwenye uhai na asiye na uhai. Nyuki, popo na komba ni wachavushaji, katika ngeli ya watu na wanyama. Upepo, ambao huchavusha mahindi na nyasi, ni kichavushaji. Mofimu moja yatuokoa na maelezo marefu.

Tatu, yapatikane majina ya makundi ya wadudu ambayo mtazamaji wa kawaida aweza kuyatambua kwa macho. Wale nzi wenye mistari ya manjano, wafananao na nyigu, wawezao kusimama hewani bila kusogea, waweza kuitwa nzi-maua. Wale nyuki wakubwa weusi watoboao boriti na fito wana haki ya kuitwa nyuki-seremala. Pale ambapo Wamsasani, Wapemba au watu wa Tanga wana majina yao, majina hayo yakusanywe kwanza kabla ya kubuni mapya. Jina lililo hai mdomoni mwa watu hushinda lililozaliwa mezani.

Nne, shughuli yenyewe ipate jina lisilogongana na jingine. Wengine hupenda kuiita sayansi ya jamii. Jina hilo halifai, kwa kuwa sayansi za jamii ni historia, uchumi, siasa na jamaa zake. Sayansi shirikishi lafaa zaidi, kwani laeleza hasa lifanyikalo: mtaalamu na mwananchi wanashirikiana, mmoja kwa macho mengi, mwingine kwa vipimo.

Jina la Msasani lenyewe lastahili kutajwa hapa. Wako wasimulizi walitoao katika jina la mtu. Lakini kwa umbo lake lakubali pia kuchambuliwa kuwa msasa na kiambishi -ni, yaani mahali penye misasa. Na msasa, ule mti wa majani makwaruzo yaliyokuwa yakisugulia mbao, ni jamaa wa mkuyu, wenye maua yaliyofichwa na nyigu wake. Vyovyote iwavyo asili ya jina, maua yapo, na wazuru wake wapo kila alfajiri na kila magharibi. Karatasi ya mtazamaji ihitaji safu nne tu: saa, ua, mzuru, na alichokifanya. Safu hiyo ya nne ndiyo itakayopima kama istilahi zetu zimefika mikononi mwa watu. Ikijazwa "alikunywa ubavuni, hakugusa chavua" badala ya "alichavusha", elimu itakuwa imeongezeka kwa mstari mmoja ulio wa kweli.